Aliyekata Mbele ya Punda

Abdille Kerrow hajui kukaa. Mpe kiti, atakalia ukingo wake. Mpe mkeka, atauzunguka mara mbili kwanza. Mpe kikombe cha chai kwenye kibanda cha Barwaqo pale mtaa wa Iftin, Garissa, ataanza kukinywa amekaa na kukimaliza amesimama nje, macho kwenye lami, mguu wake wa kulia, ndani ya kiatu cheupe cha ng'ambo, ukigonga chini, tap, tap, tap, hata kama barabarani hapana mtu wala mbuzi.

Kosa si lake lote. Miaka ishirini na mitatu mtu huyu aliendesha tramu katika mji wa Melbourne, huko Australia. Kwa asiyeijua, tramu ni gari refu la abiria linalokwenda juu ya reli, ila reli zenyewe zimelazwa katikati ya barabara za mji, na juu yake umepita waya wa umeme. Dereva wake hana usukani. Haendi kushoto wala kulia; ama anakwenda ama anasimama. Akiona mtu amezubaa relini, anakanyaga kidude kilicho chini ya mguu na kengele inalia. Basi Abdille alikanyaga kengele hiyo miaka ishirini na mitatu, na mguu haujaambiwa kwamba kazi imekwisha.

Alirudi Garissa akiwa na miaka sitini na mmoja, mjane, na tiketi ya kwenda na kurudi. Alifikia kwa dada yake Saynab, akasema atakaa mwezi mmoja. Mwezi ukawa miwili, ikawa minne, na kila mara alisogeza tarehe ya tiketi. Binti yake Ikran, aliyebaki kule, alipiga simu kila Jumapili. “Aabo, unarudi lini?” Naye alijibu “Wiki ijayo, inshallah,” huku anatembea uani kutoka ukuta hadi ukuta. Alipokuwa Melbourne roho ilikuwa Garissa. Alipofika Garissa roho ikapanda ndege ya kurudi. Sijui mtu wa namna hiyo utamfanya nini.

Saynab alichoka naye mapema. Kila siku baada ya swala ya alfajiri, kaka mtu alipita nyumba nzima kutoka sebuleni hadi jikoni, akiinua mito, akichungulia chini ya viti.

“Unatafuta nini, walaal?”

“Kilichosahauliwa.”

Akamweleza kwamba tramu haigeuzwi. Ikifika mwisho wa njia, dereva huchukua ufunguo wake, hutembea ndani ya gari kutoka mbele hadi nyuma akitafuta kwenye kila kiti mwavuli, glavu, mlevi aliyepitiwa na usingizi, kisha huingia chumba cha upande wa pili. Nyuma panakuwa mbele, na safari inaanza tena.

“Hapa hakuna aliyesahau kitu,” Saynab akamwambia. “Wewe tu umesahau kupumzika.”

Jina alipewa kabla ya wiki ya kwanza kwisha. Kwa Wasomali mtu haishi kwa jina la wazazi peke yake. Mwenye chongo ataitwa kwa chongo lake, mwenye masikio kwa masikio yake, na hakuna anayenuna. Abdille aliitwa Tareen, yaani treni. Angeweza kulivumilia, lakini yeye ni mtu wa kupenda kitu kisemwe kilivyo. “Si treni!” alisema. “Ni tramu. Treni inapita nje ya mji, tramu inapita mlangoni kwako.” Kadiri alivyosahihisha, ndivyo jina lilivyozidi kumganda.

Lakini lililomwumiza lilikuwa jambo la kamba.

Siku hiyo kibandani alikuwepo mwalimu Musyoka, mtu wa Kitui, anayefundisha historia katika shule moja ya mjini. Kwa ajili yake mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Musyoka aliuliza kwa nia njema kabisa: hizo tramu zilianzaje? Uso wa Abdille ukafunguka. Miezi mitatu alikuwa akingoja mtu amuulize hilo.

“Kwanza farasi,” alisema. “Njia zingine farasi walivuta behewa juu ya reli. Lakini katikati ya mji kulikuwa na kamba. Kamba ya waya, nene hivi. Chini ya barabara walichimba mtaro, kamba ikapita ndani, inazunguka mchana kutwa, inavutwa na mitambo ya mvuke iliyo kwenye jumba pembeni. Dereva ana koleo kubwa. Akitaka kwenda, anaibana kamba. Akitaka kusimama, anaiachia. Tangu elfu moja mia nane themanini na tano mpaka elfu moja mia tisa na arobaini. Umeme ndio ukaimaliza.”

Mzee Sakariye, muuza vifaa vya ujenzi na mkubwa wa wazee wanaosuluhisha kesi za mtaani, akaweka kikombe chini polepole.

“Kamba?”

“Kamba, mzee.”

“Iko chini ya ardhi?”

“Chini ya ardhi.”

“Na hiyo gari iko na watu ndani?”

“Imejaa. Wallahi.”

Kicheko kilichotoka pale kilimfanya Barwaqo atue birika asije akajimwagia. Musyoka, maskini, alitafuta picha kwenye simu yake akampitishia Sakariye, na Sakariye akaitazama kwa mkono ulionyooka. “Mwalimu, siku hizi simu inakutengenezea hata ngamia iko na mabawa,” alisema, akairudisha. Abdille akaendelea kwa sauti ya juu zaidi, kwamba mji wa Sydney uling'oa reli zake zote kwa ajili ya magari, na miaka thelathini na kitu baadaye ukaanza kuzitandika upya, lakini Melbourne haikung'oa zake. Hakuna aliyemsikiliza. Aliondoka na chai nusu kikombe. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na aibu, maana ugenini aliitwa majina mengi lakini mwongo hakuitwa hata siku moja.

Aliyemwamini alikuwa mmoja tu, naye alikuwa nje akimimina maji kwenye pipa la Barwaqo. Anaitwa Siyad. Alitoka Takaba baada ya ukame kumaliza mifugo yake, akaingia Garissa na mke, watoto wawili na punda mmoja. Punda yule na mkokoteni ndio kila kitu. Alikuwa akijaza madumu maji ya mto Tana na kuyasambaza nyumba kwa nyumba. Mjini hapa hakuwa na ndugu hata wa kuazimana naye kiberiti.

Alimfuata Abdille hadi barabarani. “Adeer,” alimwita, kama kijana amwitavyo mtu wa umri wa baba yake mdogo. “Hao farasi walienda wapi?”

“Farasi gani?”

“Wa tramu. Kamba ilipokuja, na umeme ulipokuja. Farasi walipelekwa wapi? Na watu wao?”

Abdille alijua mwaka wa kamba ya kwanza na mwaka wa kamba ya mwisho. Farasi hakuwahi kujiuliza. “Walitolewa tu,” alisema mwishowe.

Siyad akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hilo alilielewa vizuri. Tuktuk zilikuwa zimeanza kubeba madumu, na kila mkutano wa hadhara ulizungumzia mabomba ya kila nyumba. Tangu siku hiyo wawili hao walikuwa marafiki. Abdille alipanda pembeni mwa mkokoteni, miguu ikining'inia, wakazunguka Iftin asubuhi nzima. Mkokoteni ulikwenda, ukasimama mlangoni kwa mtu, ukaenda tena. Ni hapo tu ambapo mguu wake wa kulia ulitulia, na Saynab alishukuru kwa hizo saa za amani.

Ajali ilitokea Jumatatu, baada ya swala ya alasiri, kwenye lami ile ile.

Abdille alikuwa ametoka mjini kwa tuktuk. Alisikia kishindo nyuma yake, akageuka, na hatua sita kutoka pale aliposimama aliona mkokoteni wa Siyad umelala ubavu nje ya lami, gurudumu moja likizunguka hewani, punda akipiga mateke, na madumu yamemwangukia Ramlo, mama anayeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara. Alikimbia akawa wa kwanza kuinua madumu. Mguu wa Ramlo ulikuwa umevunjika chini ya goti. Maziwa yalitiririka pamoja na maji, yakaingia kwenye mchanga. Siyad alisimama ameshika kichwa, akimwangalia Abdille.

Jumatano wazee wakaita maslaha, kikao cha kusuluhisha, kwenye ua wa nyuma wa duka la Sakariye, chini ya kivuli cha mabati. Kikao cha namna hiyo kina mpangilio wake. Wazee wanakaa mbele. Walioumizwa upande mmoja na watu wao. Mshtakiwa upande wa pili na watu wake, ili kila mtu aone ni nani atakayebeba lawama pamoja naye. Watu wa Ramlo walijaza mikeka miwili. Upande wa pili, kwenye mkeka mmoja mpana, alikaa Siyad peke yake.

Sakariye alimwuliza kwa nini alimtoa punda barabarani.

“Mtu alikata mbele ya punda,” Siyad alisema. “Ningeenda moja kwa moja ningemkanyaga. Nikavuta kushoto.”

“Mtu gani?”

Siyad akatazama mkeka. “Niliona mgongo, mzee.”

Wauza maziwa wengine walikuwa na wateja na hawakuona. Ramlo mwenyewe alikuwa ameinama akifunga mtungi. Ndipo Abdille alipoinuka, na ikumbukwe kwamba hakuna aliyemwita. Alimpenda Siyad na moyo ulimwuma, lakini kwa miaka yote ile kila kilichotokea njiani alikiandikia ripoti, kilichoonwa na si kilichotamaniwa, na alijivunia hilo.

“Mimi nilikuwepo,” alisema. “Nilikuwa hatua sita kutoka mkokoteni. Niligeuka mara moja niliposikia. Barabara ilikuwa tupu. Sikumwona mtu.”

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetaja kamba. Sakariye alimshukuru kwa ushahidi wake, wazee wakaitikia kwa vichwa kwa heshima, na Abdille akakaa chini akijisikia, kwa mara ya kwanza tangu ashuke uwanja wa ndege, kwamba yeye ni mtu wa hapa. Uamuzi ukatolewa: Siyad apewe hadi Jumatatu amlete huyo mtu wake, au ndugu wa kusimama naye. Akishindwa, punda na mkokoteni vinakwenda kwa watu wa Ramlo, naye asionekane tena kwenye foleni ya mikokoteni ya maji. Siyad alisema amesikia. Alipokuwa akitoka alimwangalia Abdille tena, kama siku ya ajali, na safari hii Abdille hakuupenda ule mtazamo.

Hakulala vizuri. Alhamisi asubuhi Siyad alileta maji kwa Saynab kama kawaida, akasalimia kama kawaida, akamimina bila kumwaga hata tone. Hilo lilimsumbua Abdille kuliko matusi.

“Umenikasirikia?” alimwuliza.

“Hapana, adeer.”

“Mimi nilisema nilichoona.”

“Nimesikia.”

Abdille akazunguka pipa. Akazunguka tena. Alikuwa na ndege Jumapili, na safari hii alikuwa amemwapia Ikran kwamba hatasogeza tarehe. Lakini kitu kilikuwa kimesahauliwa mahali fulani, aliona hivyo, na hakukipata chini ya mito ya dada yake.

“Nipeleke pale,” alisema. “Nikae unapokaa wewe. Nataka kuona ulichoona.”

Siyad alimpisha mbele, penye hatamu, yeye akapanda nyuma. Wakashuka ile barabara polepole. Abdille hakuwahi kukaa upande huo. Siku zote alining'inia pembeni akitazama nyumba. Sasa aliona masikio ya punda, halafu lami, halafu upande wa kushoto wale mama wa maziwa wakiwa wamejipanga, karibu mno na ukingo, na nafasi ya Ramlo iko wazi. Mbele yao, upande wa pili wa barabara, tuktuk ikaja ikasimama.

Mwanamke akateremka kwa kushoto, penye mchanga, akashika mkono wa mtoto wake, akatazama huku, akatazama kule, akangoja punda apite.

Abdille akavuta hatamu kwa nguvu hata punda akalalamika.

Nyinyi mnaosoma mlishajua zamani, na huenda mmeshamkasirikia. Lakini kule Melbourne kuna sheria moja: tramu ikisimama katikati ya barabara na kufungua milango, magari yote yanasimama nyuma yake. Yote, hata la mtu aliyechelewa kazini. Mtu anateremka barabarani akiwa na magunia yake na mawazo yake na haangalii popote, kwa sababu hana haja. Abdille aliilinda sheria hiyo kwa kengele akiwa kazini, na akaitegemea akienda nyumbani. Jumatatu ile alikuwa ameteremka kwenye tuktuk kwa kulia, upande wa lami, kupitia uwazi ambao madereva wengi huufunga kwa chuma na huyu hakuufunga. Alikata barabara akielekea nyuma kidogo, kwenye duka la sukari, mgongo kwa punda, akimfikiria Ikran. Hakutazama. Alihesabu kila mtu aliyekuwa barabarani isipokuwa mmoja.

Alishuka chini, akasimama katikati ya lami, akarudi hatua mbili, akaenda hatua mbili. Pikipiki ikampigia honi. Siyad akamvuta mkono hadi pembeni.

“Siyad. Ilikuwa ni mimi.”

“Ndiyo, adeer.”

“Ulijua?”

“Viatu vyako vyeupe nani havijui?”

“Kwa nini hukusema?”

Siyad alikuwa akimkuna punda nyuma ya sikio. “Ningesema ni wewe, wangesema namsingizia mtu mzima. Wewe una watu. Wangejaza ule ua. Mimi niko na nani?” Kisha akasema neno ambalo Abdille amelibeba hadi leo. “Na nilidhani unajua. Uliposimama ukasema hapakuwa na mtu, nilidhani unajua.”

Fikiria hilo. Siku ile nzima na usiku wake, Siyad aliamini kwamba rafiki yake pekee wa mjini amesimama mbele ya watu akamzika kwa makusudi, na asubuhi bado akamletea maji.

Jumamosi Saynab alimkuta kaka yake akipanga sanduku, akilipangua, akilipanga. Alikuwa ameshamweleza kila kitu. Saynab si mtu mbaya, lakini ni dada.

“Panda ndege yako kesho,” alimwambia. “Hakuna anayejua ila yule kijana, na hasemi. Mimi nitamtafutia punda mwingine, wallahi nitamtafutia, hata kama nitawasumbua wanawake wote wa Iftin. Ukisimama ukasema, ukoo mzima utabeba fidia. Watakuuliza kwa nini hukuliona hilo Jumatano. Watasema ulidanganya. Wewe na ile kamba yako.”

“Na jina lake?”

“La nani?”

“La Siyad. Atabaki ndiye aliyemwangushia mama wa watu mkokoteni akasingizia mtu asiyekuwepo.”

Saynab akatoka. Abdille alibaki amesimama na shati mkononi. Alitaka kuondoka. Tusimpambe, alitaka sana, kila mfupa wake ulitaka uwanja wa ndege, na mlango wa kuondokea haujawahi kuwa wazi kama siku ile. Alikaa kitandani, akainuka, akakaa. Jumapili Ikran alipopiga simu kuuliza kama ameshafika Nairobi, alimwambia hajafika, na akamwambia sababu. “Aabo, hata huku ulikuwa huangalii,” binti alisema. “Nilikuwa nakuambia kila siku.”

Jumatatu ua wa Sakariye ulijaa kuliko mara ya kwanza. Ramlo aliletwa akawekwa kwenye kiti kati ya wanawake, mguu wenye plasta umenyoshwa juu ya kreti ya soda. Siyad alikuwa kwenye mkeka wake mpana, peke yake. Sakariye alimwuliza kama amempata huyo mtu, Siyad akasema hapana, na Sakariye akavuta pumzi ya kutoa uamuzi.

“Amempata,” Abdille alisema. “Ni mimi.”

Akasimulia, kwa mpangilio wa ripoti: saa, tuktuk, upande alioteremkia, hatua alizopiga, duka alilokuwa akilielekea. Alipomaliza, watu hawakukasirika. Ilikuwa mbaya zaidi. Walitabasamu.

“Tareen,” Sakariye alisema kwa upole, “sote tunajua unampenda huyu kijana. Una moyo mzuri. Lakini Jumatano ulisema barabara ilikuwa tupu, na ulisema bila kuulizwa.”

“Nilikosea, mzee. Sikujihesabu.”

“Mtu atasahauje kujihesabu?”

“Huyu anaweza,” mmoja akasema nyuma. “Ameona gari linavutwa na kamba chini ya ardhi.” Ua ukacheka. Jamaa mmoja wa ukoo wa Abdille mwenyewe akamvuta kanzu, akamnong'oneza akae chini asiwabebeshe mzigo usio wao.

Abdille hakukaa chini. Aliapa, wakatabasamu. Alieleza sheria ya milango ya tramu, wakatabasamu zaidi. Aliona kwamba kila neno linazidi kumzamisha, na kwamba siku aliyokosea walimwamini kwa sentensi tano. Basi akaacha kusema. Akavua viatu vyake vyeupe, akatembea kutoka mbele ya mkeka wa wazee, akapita katikati ya ua mbele ya watu wote, akafika kwenye mkeka wa Siyad, akakaa. Alikaa pale wanapokaa ndugu wa mshtakiwa, bega kwa bega, akakunja miguu. Na hakuinuka.

Mahali pale mtu hakai kwa mzaha, na kila mtu uani alilijua hilo. Siyad aliinamisha uso, na wale waliokuwa karibu wanasema alilia, ingawa yeye anakataa.

Aliyesema kwanza alikuwa Ramlo. “Nimeishi na waongo,” alisema. “Mume wangu wa kwanza alikuwa mmoja, Mungu amrehemu. Mwongo hudanganya ili atoke. Sijaona anayedanganya ili aingie. Huyu anasema kweli.”

“Basi unataka nini, mama?” Sakariye aliuliza. “Punda?”

“Punda kafanya nini? Alikwepa mtu. Na mbuzi za fidia sizitaki. Maziwa yangu yanashuka kwenye gari kila asubuhi na nafasi yangu iko tupu wiki nzima. Wateja watanipa mgongo. Nataka mtu akae pale.” Akamnyoshea Abdille kidole. “Akae yeye, mpaka nitembee.”

Wanaume waliguna. Kuuza maziwa ni kazi ya wanawake, na mzee mwenye mvi kukaa kando ya lami katikati yao ni jambo litakalosimuliwa mpaka Wajir. Jamaa wa ukoo walijitolea kulipa kwa namna nyingine yoyote. Ramlo akakataa, na wazee walipomwuliza Abdille, alisema ni haki.

Akakaa. Siku ya kwanza aliinuka mara arobaini. Wauza maziwa walimhesabia. Siku ya pili mteja alimkuta yuko upande wa pili wa barabara na Ramlo akaletewa habari, akatuma mjukuu kumwambia kwamba mtungi hauna miguu. Wiki ya tatu alikuwa amejua kuonja maziwa ya nani yameanza kuchacha. Watu walipita makusudi kumtazama, Mzee Sakariye akiwemo, akanunua maziwa asiyoyahitaji. Kila tuktuk iliposimama na mtu akataka kuteremka upande wa lami, mguu wa kulia wa Abdille uligonga mchanga na sauti yake ikafuata: “Angalia barabara!” Watoto walianza kumwigiza, na sasa Iftin nzima inateremka kwa kushoto.

Siyad alipita mara nne kwa siku, akisimama kila mara. Siku moja Abdille alimwambia kwamba amemwomba Ikran atafute habari za wale farasi. Ikran alipata kwamba wa mwisho walivuta tramu ya bustani ya wanyama hadi mwaka elfu moja mia tisa ishirini na tatu. Walikoenda baadaye hakupata.

“Kumbe walidumu,” Siyad alisema, akaonekana kuridhika.

Ramlo alirudi mwezi wa tatu tangu aumie, kwa miguu yake na fimbo, asubuhi ya joto, maziwa yakiwa yameshapungua nusu mtungi. Wauza maziwa walimpigia vigelegele. Alisimama mbele ya Abdille, ambaye alikuwa amekaa katikati ya kigoda, si ukingoni, miguu imenyooka mbele yake.

“Haya, Tareen,” alisema. “Nimetembea. Inuka uende zako Australia.”

Abdille alitazama barabarani, kule mkokoteni unakotokea.

“Bado kidogo,” alisema. “Siyad hajapita.”